Unaanza kazi ya makadirio ya shule? Anza na darasa, achana na jumla

Ukiajiriwa katika ofisi ya mipango ya elimu hapa Mombasa, hukawii kuulizwa: miaka mitano ijayo tutakuwa na watoto wangapi, tutahitaji walimu wangapi, na shilingi ngapi? Wageni wengi huchukua jumla ya wanafunzi wa miaka iliyopita, wakachora mstari, wakauvuta mbele. Tazama mstari huo unavyodanganya. Mfumo wa zamani wa vidato ulipopisha ule wa gredi, ambao sekondari huanzia Gredi ya 10, Kidato cha Kwanza cha mwisho kiliingia Januari 2024, na Gredi ya 10 ya kwanza ikaingia Januari 2026. Kwa hiyo mwaka 2025 sekondari zilikuwa na vidato vitatu tu. Mwenye mstari wake ataona watoto wametoweka na kupendekeza walimu wapunguzwe, kumbe wenyewe wako Gredi ya 9, kwenye viwanja vya shule za msingi.

Fuata kundi la watoto linavyopanda. Tuseme mwaka jana Gredi ya 3 ilikuwa na watoto 120, na mwaka huu Gredi ya 4 ina 114. Uwiano ni 0.95. Fanya hivyo kwa kila gredi, chukua wastani wa miaka kadhaa, kisha upandishe watoto ulio nao sasa. Ila miaka ya korona itenge. Kati ya Julai 2021 na Januari 2023 watoto walipanda darasa mara tatu, kwa sababu kalenda ilibanwa kufidia muda uliopotea. Uwiano wa wakati ule hautabiri chochote.

Uwiano ukizidi 1, hakuna mtoto aliyezaliwa akiwa Gredi ya 5, wametoka mahali. Kazi ya hoteli ikididimia, mzazi humtoa mwanawe shule ya binafsi akampeleka ya serikali. Mwingine amehamia Mtwapa kufuata kodi nafuu, kaunti nyingine kabisa, lakini mtoto bado anasoma Kisauni. Haya kompyuta haiyajui. Mwalimu mkuu anayajua, na karani wa shule anayajua zaidi, kwa hiyo piga simu.

Pagumu hasa ni chekechea na Gredi ya 1, kwa sababu hakuna darasa la nyuma la kupandisha. Utashawishika kutumia vizazi vilivyoandikishwa. Vitumie kwa tahadhari: Hospitali Kuu ya Makadara hupokea kina mama kutoka Pwani nzima, na mtoto aliyezaliwa kisiwani huenda akasomea Kwale au Kilifi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, lakini ilihesabu usiku mmoja tu, na watu hawakukaa palepale. Mimi huamini zaidi idadi ya walioingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, miaka iliyotangulia, nikaisahihisha kwa habari za mitaani: nyumba mpya zinajengwa wapi, na zipi zinabomolewa.

Ukishapata watoto, walimu si kugawanya tu. Ukipanga darasa la watoto 45, watoto 90 ni mikondo miwili, yaani madarasa mawili ya gredi moja. Wakiwa 93, mkuu wa shule anataka mkondo wa tatu, chumba na mwalimu. Watoto watatu wamekuletea mshahara mzima! Sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, ni balaa zaidi, maana pale unahesabu masomo: walimu wa Kiswahili wanaweza kutosha huku wa sayansi hakuna. Kumbuka pia nani analipa. Walimu wa chekechea ni wa kaunti, wa gredi za juu ni wa TSC, tume ya kitaifa inayoajiri walimu, na wale wa BOM, walioajiriwa na bodi ya shule, hulipwa na shule yenyewe. Ukiwachanganya kwenye jedwali moja, bajeti yako haitasomeka.

Pesa za serikali zimepangwa kwa kichwa: shilingi 1,420 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, 15,042 sekondari msingi, 22,244 sekondari. Gharama, kama ulivyoona, huja kwa mkondo, na pengo hilo ndilo unalotakiwa kulionyesha mapema. Halafu mwaka wa fedha huanza Julai na wa shule Januari, kwa hiyo bajeti moja hugusa makundi mawili ya watoto. Igawe nusu kwa nusu kabla hujazidisha.

Bosi atataka nambari moja. Mpe tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na kando ya kila moja uandike ni nini kitakachotokea ili iwe kweli. Faili ya mwaka jana usiifute. Shule zikifunguliwa Januari, weka makadirio na hesabu halisi bega kwa bega, gredi kwa gredi, uone ni wapi ulipokosea mara mbili mfululizo.