Mikanda ya harusi ipokee, lakini tafuta deki kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba ndugu na jamaa wanakuletea mikanda yao ya video, ya harusi, maulidi na mahafali, kwa kuwa wanajua wewe ndiye mtunzaji, nawe unajiuliza kama kuna haja ya kuendelea kuipokea ilhali deki za kuchezea mikanda hazitengenezwi tena na kompyuta mpya hazina hata pa kuingizia DVD. Mimi nasema ipokee yote, ila kabla hujapokea mwingine hata mmoja, tafuta deki nzima uiweke ndani. Hapa Tanga mimi nilifanya kinyume chake, na miaka saba ikanipotea.

Nilianza mwaka 2009, bibi yetu wa Ngamiani alipofariki. Vitu vyake vilipogawanywa, masinia yalipata wenyewe, kitanda cha besera kikapata mwenyewe, na sanduku la mikanda likabaki barazani mpaka magharibi bila mtu kuliulizia, nikalibeba mimi. Habari zikaenea katika ukoo kwamba mikanda iko kwangu, wakaanza kuniletea kutoka Pangani, Muheza na Mombasa, hata ikafika 41. Deki yetu ilikuwa imekwisha kufa na fundi ameichukua kwa ajili ya spea, wala sikujali, kwa sababu nilidhani deki ni kitu cha kununua siku yoyote nitakayopata nafasi. Mwaka 2016 Funai ya Japani, kampuni ya mwisho duniani iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, yaani za mikanda ile mikubwa ya video ya majumbani, ikaacha kuzitengeneza. Ndipo nilipoanza kuzunguka kwa mafundi wa Ngamiani, barabara moja baada ya nyingine, na kila fundi alikuwa nayo deki rafuni, lakini moja haina kichwa cha kusomea mkanda, nyingine mpira umelegea, nyingine inaumeza mkanda na kuutafuna. Niliyoipata mwishowe ilikuwa kwa mzee jirani yetu, chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ilikuwa haijawashwa kwa miaka mingi.

Watu hudhani kwamba mkanda ndio unaokufa kwanza. Mkanda uliokaa pakavu, umesimamishwa wima na kurudishwa mwanzo, waweza kupita miaka thelathini na bado ukatoa picha. Mingi niliyopewa ilikuwa hivyo. Deki ndiyo yenye mipira inayokauka hata isipotumika, grisi inayoganda na vichwa vinavyolika. VHS ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa chembe zenye sumaku zilizoshikwa kwa gundi, na unasomwa na ngoma ya vichwa ambayo katika PAL, mfumo wetu wa picha za televisheni, huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Spea za mtambo wa namna hiyo zikiisha, hakuna fundi wa mtaani atakayezichonga. Ndiyo sababu mwaka 2019 UNESCO, pamoja na IASA, ambacho ni chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walitoa tahadhari kwamba ifikapo mwaka 2025 hivi kuhamisha mikanda kungekuwa kugumu mno kwa wengi. Sisi tumekwisha kufika hapo, kwa hiyo deki yoyote unayoiona ikitupwa ichukue.

Kwa mikanda midogo ya kamera hali ni ngumu zaidi. Video8, Hi8 na MiniDV huchezwa na kamera za aina yake, basi anayekuletea mkanda kama huo muulize na kamera iko wapi, hata akikuambia ni mbovu. MiniDV ukiipata kamera yake una bahati, kwa maana picha zake tayari ni za dijitali na hupita kwenye waya wa FireWire, unaounganisha kamera na kompyuta, zilivyo, bila kupungua, kiasi cha gigabaiti 13 kwa saa moja. Ukipata pia mkanda uliotumwa na jamaa wa Kanada au Marekani, picha ikawa inapanda na kushuka bila rangi, usiutupe: umerekodiwa kwa NTSC, mfumo wa televisheni wa huko, na unataka deki inayosoma mifumo yote miwili. Sisi tulikuwa tumeuweka mmoja pamoja na takataka kabla hatujalijua hilo.

Jambo lililoniumiza zaidi ni ukungu. Mikanda tisa ilitoka kwa mama yangu mdogo, ambaye paa la stoo yake lilivuja katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, na toka hapo ilibaki humo humo kwenye boksi. Nilipoutazama wa kwanza kupitia kidirisha chake, niliona kama vumbi la unga wa muhogo limeuzunguka utepe ukingoni. Kwa kutojua, nikautia kwenye deki. Ikatoka picha kama dakika moja, viganja vya bibi harusi vimewekwa juu ya mto, hina haijakauka, na mtu anavipepea kwa kipepeo cha ukili. Kisha chenga zikajaa kioo kizima na sauti ikazama. Ilinibidi nifungue mfuniko wa deki, niloweshe karatasi safi kwa alkoholi ya isopropili, niishikize kwenye ngoma bila kuisogeza, huku mkono wa pili ukiizungusha ngoma polepole kwa ncha ya kidole. Karatasi ikatoka na mstari wa rangi ya kahawa. Usisugue kwenda juu na chini, maana utakivunja kichwa, na usitumie pamba, kwa kuwa nyuzi zake hunasa. Nilirudia mpaka karatasi ilipotoka nyeupe, na usiku ukawa umeingia. Mkanda wenye ukungu uweke mbali na mingine, uuanike mahali pakavu penye hewa lakini si juani, na utakapoushughulikia funika pua na mdomo.

Kuna kinga nyingine ambayo haigharimu hata shilingi: kila mkanda ukifika tu, ubanjue kile kipande kidogo cha plastiki kilichoko ubavuni mwake, ili deki isiweze kurekodi juu yake. Nikaha ya mjomba wangu imekatika katikati ya hotuba ya shehe na kuingia mechi ya mpira, kwa sababu kipande hicho kilikuwepo na watoto walitaka kurekodi.

Kuhamisha kwenyewe kunataka subira tu, kwa kuwa mkanda wa saa tatu huchukua saa tatu. Waya wa njano hubeba picha, mweupe na mwekundu hubeba sauti, na kifaa kidogo cha kunasia huviingiza kwenye kompyuta. Usiishie kwenye DVD za kuchoma. Mwanzoni, kabla sijapata deki, niliwahi kumpa mwenye duka mmoja mikanda minne, akanirudishia DVD nne na kuniambia mikanda yenyewe ameitupa kwa kuwa haina kazi tena. Baada ya miaka sita DVD mbili kati ya hizo zikawa hazisomeki. Harusi mbili zimekwenda. Tangu hapo siutupi mkanda hata nikishauhamisha, na kila faili hulihifadhi sehemu tatu, mojawapo kwa ndugu aliye mji mwingine.

Nije sasa kwenye neno ambalo sijaona likitajwa na waliochangia juu yangu. Mikanda yetu ya pwani haifanani na mikanda ya watu wengine. Nusu ya harusi imerekodiwa ndani, kwa wanawake, milango imefungwa: singo, kupamba, ngoma za kesha. Wanawake wale walivua mabuibui na kucheza kwa sababu walijua ni nani aliyeshika kamera na ni nani atakayeona. Nilipokuwa nahamisha mkanda mmoja wa mwaka 1991, nikamwona shangazi yangu anaingia ukumbini, mlango ukafungwa nyuma yake, akaanza kufungua ushungi. Nikazima. Nilimwita dada yangu, nikamfundisha deki, nyaya na kompyuta, na mikanda yote ya ndani anaihamisha yeye, nayo iko kwenye diski yake, si yangu. Ukikusanya mikanda ya ukoo umepokea amana ya watu ambao wengi wao hawapo tena kukuruhusu au kukukataza, kwa hiyo usiipeleke kibandani mjini ikachezwa mbele ya wapita njia, na usirushe mtandaoni hata kipande.

Mkanda huo wa 1991 una thamani nyingine pia. Televisheni huku Bara ilianza mwaka 1994, maana yake watu wa nyumba ile walijiona wenyewe kwenye kioo kabla ya kituo chochote cha Bara kurusha matangazo. Katika sehemu ya nje, msafara wa bwana harusi unapita na barabara imejaa baiskeli, hakuna bodaboda hata moja. Jioni kuna kikundi cha taarab cha vijana wa mtaani, katika mji huu uliotoa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, na yule mpiga fidla hakuna hata mmoja wetu anayemjua jina.

Hilo la majina ndilo linalonikimbiza sasa kuliko ukungu. Faili linaweza kusomeka vizuri na bado likawa bubu, kwa sababu aliyewajua waliomo amekwisha kuondoka. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana shangazi yangu, ambaye amepita miaka themanini, huja kuketi mbele ya kompyuta. Mikanda ya nje hukaa nami, ya ndani hukaa na dada. Tunasimamisha picha, anasogea karibu, anataja: huyu ni mtoto wa fulani wa Pangani, huyu alimlea baba yenu, huyu simjui ila kanga ile ni yangu, nilimwazima. Tunarekodi sauti yake kwa simu na kuandika dakika na sekunde ya kila uso. Tumemaliza mikanda 23. Iliyobaki yenye ukungu nimeianika tangu kaskazi ianze, na Ijumaa ijayo shangazi ameomba tuanze na ule wa hina, uliokwama kwenye viganja, kwa sababu anasema anamjua aliyekuwa akipepea.