Aina za arabika: maswali ya wanunuzi

Mfuko umeandikwa "Kenya AA". Hiyo ndiyo aina ya mbuni?

Sivyo. AA ni ukubwa. Kahawa mbichi hupitishwa kwenye chekeche, na punje zisizopenya matundu ya takriban milimita 7 ndizo AA. PB ni punje ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda. SL28 na Ruiru 11, ambazo ni aina za mbuni wa Kenya, zote hutoa AA, AB (ukubwa unaofuata AA) na PB. Aina ikikosekana kwenye lebo, muulize aliyeikaanga.

Na "arabika asilimia 100"?

Maana yake haikuchanganywa na robusta, jamii nyingine ya kahawa, basi.

Nikiitazama punje, nitaitambua SL28?

Ikishakaangwa, hapana. Ikiwa mbichi kuna dalili chache za kutambua baadhi ya aina: Maragogype ni kubwa mno, Geisha huwa ndefu, Bourbon fupi na ya mviringo. SL28 na SL34 hazitenganishiki kwa macho. Shambani ni afadhali kidogo, kwa kuwa majani machanga ya SL34 huwa na rangi ya shaba na ya SL28 mara nyingi ni kijani. Uhakika kamili hutoka kwenye kipimo cha DNA.

Muuzaji anasema kahawa yake ya chama cha ushirika cha Nyeri ni SL28 tupu. Nimwamini?

Muulize kwanza matunda yalitengwaje. Kwa kawaida wakulima wengi hupeleka matunda kiwandani siku moja, na yote humenywa pamoja. Hata shamba la mkulima mmoja laweza kuwa na SL28 ya zamani, Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 kukabili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na Batian ya 2010. Wengine wamebebesha aina hizo mpya juu ya mashina ya SL. Kwa hiyo lebo inayotaja aina zote nne, "SL28, SL34, Ruiru 11, Batian", tunaiamini zaidi. SL28 tupu hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye shamba kubwa linalovuna kila kitalu peke yake. Dai jina la shamba, kitalu na msimu wa mavuno.

Geisha ni ghali. Niipimeje kabla ya kununua kilo?

Nunua gramu 100. Saga gramu 11, chenga za wastani, umwagie mililita 200 za maji ya nyuzijoto 93. Baada ya dakika 4 vunja utando kwa kijiko, engua povu, kisha onja inavyopoa. Weka kando yake kikombe cha kahawa unayoijua. Geisha nzuri hunukia asumini na ladha yake ni nyepesi kama chai. Iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi haitakuonyesha hayo, na iliyokaushwa na tunda lake huweza kufunikwa na harufu ya matunda yaliyochachuka.

Angalia pia mwinuko. Mbegu hii ilitoka Ethiopia, ikapitia Lyamungo, Tanganyika, ikafika Costa Rica mwaka 1953, lakini sifa iliipata miaka ya 2000 kwenye miteremko ya juu ya Boquete, Panama. Mfuko usiotaja shamba wala mwinuko, usiulipie bei ya Geisha.