Risasi niliyoila kwa vidole vyangu mwenyewe

Anayelehemu angehitaji mikono mitatu: mmoja ushike kifaa cha moto, wa pili ushike sakiti, wa tatu ulishe waya wa lehemu. Mimi mkono wa tatu ulikuwa meno. Kwa miaka kumi na moja niliubana ule waya laini wa kijivu kwenye pembe ya mdomo, nikiusogeza kwa ulimi kila ulipopungua. Waya huo, ule wa zamani, ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, metali ya sumu inayoumiza figo. Na nilikuwa nikivuta sigara, kwa vidole vilevile.

Sikwenda hospitali kwa sababu ya figo. Nilikwenda kwa sababu ya kidole gumba cha mguu kilichovimba usiku kikawa hakigusiki hata na shuka. Jongo. Presha nayo ikakutwa 150 kwa 95, nami nina miaka 38 na mwili mwembamba. Daktari akaangalia kucha zangu, akauliza nafanya kazi gani, kisha akaagiza damu ipimwe risasi. Jibu lilikuja mikrogramu 23 kwa desilita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema ukifika 5 tu, chanzo kitafutwe na kikomeshwe.

Kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua kama figo zinachuja vizuri, ilikuwa sawa, nikashusha pumzi. Kumbe kreatinini ni shahidi anayechelewa: figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla haijapanda. Jongo na presha vilikuwa vimeshaanza kusema. Risasi huzifanya figo zishindwe kutoa asidi ya yuriki, ikabaki kwenye damu, ikaganda kwenye viungo.

Kwa nini figo? Nilidhani ni kwa kuwa zinachuja uchafu. Ni zaidi ya hapo. Figo zote mbili huchuja kama lita 180 kwa siku, lakini mkojo ni lita moja na nusu hivi. Kila kilichobaki hurudishwa mwilini na mirija midogo, na kazi kubwa hufanywa na sehemu ya mwanzo ya mrija. Seli za hapo hunyakua kila chenye faida, sukari, chumvi, vipande vya protini, na kwa kunyakua hivyo hubeba na mgeni aliyejificha. Kadimi, metali nyingine ya sumu, ndiyo bingwa wa kujificha. Ini huifunga ndani ya protini ndogo ili isidhuru, protini ile ikivuja na kufika figoni seli huila na kuivunja, kadimi ikabaki peke yake ndani ya nyumba. Hukaa humo miaka 10 hadi 30. Moshi wa sigara unayo, kwa hiyo mimi nilikuwa nalipia tiketi mbili. Waliokula mpunga uliomwagiliwa maji ya mto Jinzu, mkoani Toyama nchini Japani, maji yaliyobeba kadimi ya mgodi, waliharibika figo kisha mifupa ikawa inavunjika kwa kukohoa tu. Serikali yao ilikiri mwaka 1968 kuwa chanzo ni kadimi.

Zebaki nayo hupenda figo, na wengi huipokea kwa kujipaka, kwenye krimu za kung'arisha ngozi. Kama krimu haina orodha ya viambato, itupe.

Sasa tuje kwenye antioksidanti, yaani vitu vinavyokinga seli, kama vitamini C na E, maana hapo ndipo nilipojidanganya. Ndani ya seli kuna mlinzi anayeitwa glutathioni. Ana mkono wa salfa, na kwa mkono huo huzima radikali huru, zile molekuli zenye njaa ya elektroni zinazotafuna kuta za seli. Bahati mbaya risasi, zebaki na kadimi zinapenda salfa kuliko kitu chochote. Zinamshika mlinzi mkono. Wakati huohuo zinavuruga mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ambazo kwenye mirija ya figo ni nyingi kupindukia, nazo zikivurugika humwaga radikali huru zaidi. Walinzi wanapungua, wahuni wanaongezeka.

Nikasoma hayo usiku mmoja, asubuhi nikanunua vitamini C na vitamini E. Gramu mbili za C kila siku, kwa miezi mitatu. Mchana nikaendelea kula kwenye meza ya kazi, mkono mmoja chakula, mkono mmoja sakiti. Nikarudi kupima: 22.

"Fundi," daktari akaniuliza, "mchana unakula wapi?"

"Palepale mezani, daktari."

Akafunga faili. Akanieleza kwamba antioksidanti hupunguza moshi, haiondoi kuni. Panya waliopewa sumu pamoja na vitamini figo zao huumia kidogo kuliko wenzao, hilo limeonekana mara nyingi maabara. Kwa binadamu habari si tamu hivyo. Jaribio kubwa la Finland lililochapishwa mwaka 1994 liliwapa wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, nayo ni antioksidanti, na waliovimeza walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiovimeza. Nilikuwa mvutaji, nikanyamaza. Tena mwili hugeuza sehemu ya vitamini C kuwa oksaleti, na oksaleti nyingi hutengeneza mawe kwenye figo hizohizo nilizotaka kuziokoa. Dawa za kukamata metali na kuzitoa zipo, ila huandikwa na daktari kwa viwango vya juu sana, na baadhi yake zenyewe huumiza figo. Ukikuta mtu anaziuza kama "kusafisha mwili", mpite.

Kilichosaidia kwenye lishe ni kitu nisichokitarajia. Alinipima madini ya chuma, yakakutwa chini. Utumbo wenye njaa ya chuma hufungua milango zaidi, na kadimi hupita kwenye mlango uleule. Risasi vivyo hivyo, hasa kalsiamu ikiwa pungufu. Nikarekebisha chuma kwa ushauri wake, nikala matunda na mboga kama chakula, si kama dawa.

Mengine ni ya mikono. Waya ukatoka mdomoni, nikanunua lehemu isiyo na risasi na kishikio cha sakiti, hicho ndicho mkono wa tatu. Watu huogopa moshi wa kulehemu, nao unakera mapafu kweli, lakini kwa joto lile risasi hairuki hewani kwa wingi. Inapitia vidole. Meza nafuta kwa kitambaa kibichi, sipigi ufagio. Sigara niliacha, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Baada ya miezi tisa nilisoma 11. Haishuki haraka, kwa sababu iliyo kwenye mifupa hurudi kwenye damu polepole, kwa miaka. Kama kazi yako ni betri, rangi za zamani, kuyeyusha vyuma au kuosha dhahabu kwa zebaki, usiombe kreatinini peke yake. Omba damu ipimwe metali yenyewe, mkojo upimwe protini, na presha isisahaulike.

Siku ile ya 22, nikiwa nimeshika kitasa cha mlango, daktari aliniuliza kama nyumbani kuna mtoto. Yupo, ana miaka minne, na kila jioni alikuwa akinirukia nikiwa bado na shati la kazi. Tukampima. Alikuwa na 6.

Shati sasa linalala kazini na kufuliwa peke yake. Akisikia mlango anakuja mbio, anasimama hatua mbili mbele yangu, mikono nyuma, anasubiri baba akaoge.