Usukuma na uhuru: ilianzia kwenye mizani

Umeuliza kwa nini TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilishika mizizi Usukumani (nchi ya Wasukuma, kusini mwa Ziwa Victoria) wakati serikali ya kikoloni iliipiga marufuku katika kanda hii tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Jibu ni pamba na ng'ombe.

Mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi, mizani ikachezewa, kilo zikapotea. Wakulima wakaweka wapimaji wao, kisha vyama vya ushirika vijijini, na 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation chini ya Paul Bomani, aliyekuwa pia kiongozi wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, huko Mwanza. TANU ikifungwa, ushirika unabaki halali: mikutano ipo, karani yupo, watu wamezoea kuchagua viongozi.

Upande wa pili ni mpango wa maendeleo wa Usukuma wa 1947: punguza mifugo, lima matuta ya kuzuia maji, ukikaidi unatozwa faini. Aliyetekeleza ni mtemi, yaani chifu wa jadi, ndiyo maana hasira ziliwaangukia watemi kabla ya Mwingereza (wengi husahau hili).

Geita 1958 cheche ilikuwa baraza la wilaya la rangi mchanganyiko (Waafrika, Wazungu na Waasia pamoja), watu wakaandamana hadi Mwanza. Kuni zilishakauka zamani.