Mbweha bustanini na una mbwa: wa kumchunga hapo ni mbwa wako

Dada wa Luton, hapa hapa Uingereza, nimeona swali lako na waliokujibu juu wengi wamekutisha tu bure. Kwa wasioliona: amepanga nyumba yenye bustani nyuma, ana kambwa kadogo, na kila jioni mbweha anaingia anajilaza kwenye nyasi kama vile yeye ndo analipa kodi. Anauliza kama atamng'ata mbwa wake, kama atamletea kichaa cha mbwa, na jirani yake kamshauri ama atege sumu ama anunue mbwa mkubwa amwachie amalizane naye. Hayo mawili ya jirani yafute kabisa kichwani, nitarudi huko.

Mimi niko Croydon, kusini ya London, mwaka wa 11 sasa. Nina mbwa wawili. Babu ni labrador mzee, mweusi, ndevu nyeupe, kazi yake kula na kulala. Bosi ni Jack Russell, kilo 6 za ubishi mtupu. Na nina mbweha, sijui niseme "nina" au wao ndo wananimiliki mimi, lakini usiku hazipiti siku mbili bila kuwaona.

Kwanza la kichaa, maana najua linatoka wapi. Mimi nimekulia Moshi, na kule mzee wetu akisikia mbweha karibu na nyumba mbwa wote wanafungwa, sisi watoto tunaingizwa ndani, kwa sababu mbweha anayekuja karibu na watu mchana bila woga maana yake ameshapata kichaa. Na alikuwa sahihi, kwa kule. Hapa Uingereza kichaa kwa wanyama wa ardhini kilitokomezwa mwaka 1922, wamebaki popo tu wenye virusi vya jamii hiyo. Kwa hiyo mbweha wa Luton anayekuangalia usoni saa kumi jioni hana kichaa, ana mazoea tu, amezaliwa chini ya kibanda cha mtu na amekua akiona binadamu wanatoa taka. Halafu hata mnyama mwenyewe sio yule. Yule wa nyumbani tunayemwita mbweha ni ndugu wa karibu kabisa na mbwa, huyu mwekundu wa Ulaya ni ukoo mwingine, ukipata bahati ya kumwona karibu angalia macho, mboni yake imesimama kama ufa, ya paka kabisa, wakati ya mbwa ni duara. Kuna jamaa hapo juu kasema watazaana na mbwa, hapana mkuu, haiwezekani, kromosomu zao hazikutani hata karibu, mbwa ana 78 na mbweha ana 34.

La pili, ukubwa. Mkia na manyoya yanadanganya sana. Mbweha mzima wa mjini ni kilo 5 mpaka 7, yaani paka aliyeshiba. Anachotaka kwako ni mapumziko, panya, minyoo baada ya mvua, na mfuko wa taka ambao hukuufunga vizuri. Mbwa mzima akitoka mlangoni mbweha anapanda fensi na kuondoka, mara chache anageuka kukuangalia kama vile umemkosea adabu. Kambwa kako ka miezi mitatu usikaache nje peke yake, hilo sawa, lakini hilo ningekwambia hata kama kusingekuwa na mbweha. Sungura na kuku ndo wa kuwalinda kwelikweli, hao usiku wafungie kwenye banda la waya mzito sio ule wavu wa kuku, ule anautafuna.

Najua pia utaambiwa stori ya paka wa Croydon maana kila nikitaja ninakoishi watu wananiuliza. Tulikaa miaka hapa tukiamini kuna mtu anatembea usiku anaua paka anawakata vichwa na mikia, watu walikuwa na hofu kweli, waifu alikuwa hataki kwenda kutupa taka peke yake. Polisi wa London walichunguza karibu miaka mitatu na mwaka 2018 wakafunga faili, hakuna mtu, ni paka waliogongwa na magari halafu mbweha wakawakuta wamekufa wakawatafuna. Kwa hao paka mbweha aliokota tu.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini nasema wa kuchungwa ni mbwa. Hawa Jack Russell unawaona wadogo wazuri, lakini waliletwa duniani kwa kazi moja, kuna mchungaji wa kanisa kule Devon karne ya 19, John Russell, alikuwa mpenzi wa uwindaji, akawazalisha makusudi wawe wadogo wa kuingia kwenye shimo la mbweha na wakali wa kumtoa nje. Mimi nilikuwa sijui hilo wakati namchukua Bosi. Nililijua mwezi wa tano miaka miwili iliyopita.

Ilikuwa kama saa tano usiku, nikafungua mlango wa nyuma wakojoe nikalale, sikuwasha taa, sikuangalia, nimevaa pajama na ndala. Babu akatoka taratibu kama kawaida yake. Bosi akapita katikati ya miguu yangu kama risasi, moja kwa moja chini ya kibanda cha vifaa, na hapo nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia, sio kubweka, ni kama mtu anapasua shuka na mtoto analia kwa pamoja. Kumbe jike alikuwa amezalia humo wiki kadhaa na mimi nilikuwa naona mchanga uliochimbwa nadhani ni panya. Nimelala kifudifudi kwenye matope namwita Bosi, Bosi wapi, Bosi amerudi karne ya 19. Jirani mzee wa upande wa kushoto akatoka na tochi na mtaimbo bila hata kuuliza, tukang'oa mbao mbili za sakafu ya kibanda kutokea ndani, nikamvuta kwa mkanda wa shingo. Sikio limechanika, pua ina tundu mbili. Paundi 280 kwa daktari wa mifugo, na hiyo ni kwa sababu nilisubiri asubuhi, ningeenda usiku ingekuwa zaidi.

Lakini kilichonikaa sio hiyo bili. Nilikuwa na kamera ya kutegea, ile ya kufunga kwenye mti inajiwasha kitu kikipita, nilinunua kwa ajili ya kuangalia nani anamwaga pipa langu. Kesho yake natoa memori kadi nakuta kuanzia saa tisa usiku yule jike anatoka kwenye kibanda na kitu kinaning'inia mdomoni, kitoto, amekishika ngozi ya shingo, anapita kwenye pengo la fensi. Dakika kumi anarudi mikono mitupu, kama naweza kusema hivo. Anaingia, anatoka na kingine. Nilihesabu safari nne. Ya mwisho amechoka, kakiweka chini katikati ya nyasi, kakaa, kauangalia mlango wetu wa jikoni muda mrefu tu, halafu kakibeba tena akaondoka. Niliirudia hiyo video mara nyingi. Bosi alikuwa amelala miguuni kwangu na kofia ya plastiki shingoni.

Tangu hapo nyumba yetu inaenda kwa shifti. Mchana ni wa mbwa. Jioni giza likishaanza kuingia mbwa wanatoka na kamba tu, wote wawili, hata Babu ambaye hana habari na mtu. Kabla ya kufungua nawasha taa ya nje, nagonga kioo cha mlango kwa funguo mara tatu, nasubiri kama dakika moja, kama kuna mtu huko amesikia anaondoka zake kwa heshima. Ndo tunatoka, wanakojoa, tunarudi. Baada ya saa nne usiku bustani sio yetu tena. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita, vitoto vinapozaliwa na kuanza kutoka nje kucheza, nakaza zaidi, Bosi anapelekwa kukojoa mbele barabarani hata mvua inyeshe. Chini ya kibanda nilisubiri mpaka mwezi wa kumi wakiwa wameshatawanyika, nikahakikisha hakuna mtu ndani, nikaziba kwa waya mzito niliouzika chini ardhini kama futi moja.

Kuhusu jirani yako. Kumtegea mbweha sumu ni kosa la jinai, na ukifikiria vizuri atakayekula hiyo sumu wa kwanza ni kambwa kako au paka wa watu. Kumwachia mbwa kwa makusudi amkimbize mbweha nako ni kosa, kuna sheria ya uwindaji ya mwaka 2004 hapa England na Wales, haijalishi ni bustanini kwako. Mwambie asante mzee, halafu nyamaza.

Magonjwa ya kweli ni haya, na yote yana dawa. Upele: ukiona mbweha mkia umenyonyoka kama kamba, anajikuna muda wote, macho yamejaa utando, huyo ana upele na viini vyake vinabaki pale alipolala, mbwa wako akijigaragaza hapo anaupata, na wewe utawashwa siku kadhaa. Sio mchezo kwa mbweha wenyewe, kule Bristol miaka ya 90 uliwafyeka karibu wote. Mbwa anatibika. Lingine ni minyoo ya mapafu, hii wengi hatuijui, inapitia kwa konokono na koa, yaani wale konokono wasio na gamba. Mbweha anaibeba, konokono anaipata kwenye kinyesi, mbwa anamla konokono au analamba bakuli lililolala nje na koa wamepita juu. Mbwa anakohoa, anachoka, na mwingine damu haigandi. Dawa ni ya kila mwezi, ila sio kila dawa ya minyoo inaigusa hiyo, mwambie daktari wazi kwamba una mbweha bustanini. Na bakuli la maji liingie ndani usiku.

Halafu kuna kinyesi. Aisee. Sijui Mungu aliwawekea nini mbwa, lakini Babu mwenyewe, mzee mzima mwenye heshima zake, akikuta mavi ya mbweha analala chali anajipaka shingo nzima taratibu kama bwana harusi anajipaka marashi. Harufu yake haifanani na kitu. Shampuu haitoi. Kilichonisaidia mimi ni tomato sosi, ndio ile ya chipsi, unampaka, unasubiri dakika tano, unaosha, unarudia na shampuu. Nanunua chupa ya bei rahisi inakaa bafuni na wageni wanashangaa.

Kulisha sikushauri. Sio kosa kisheria, ila mbweha akizoea mkono wako ataenda kuomba kwa jirani ambaye hana roho kama yako. Na kosa langu lingine nilipanda mchicha nikaweka mbolea ya unga wa mifupa, wee, usiku mmoja tu tuta zima limepinduliwa, mbweha ananusa mfupa anadhani kuna mzoga umezikwa, na Bosi naye asubuhi akaenda kumalizia. Sasa natumia samadi ya dukani iliyooza vizuri, mchicha unatoka poa tu.

Ukishapanga shifti ndo utaanza kufaidi, maana kuna wengine wanakuja. Kwangu kuna kalunguyeye, nilikata tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya fensi apite kwenda kwa majirani, namwekea chakula cha paka na maji, usimpe maziwa yanamharisha. Huyu kalunguyeye mbwa anamuumiza kweli kwa sababu hakimbii, anajikunja tu, kwa hiyo ile kamba ya usiku ni kwa ajili yake pia. Kindi wa kijivu wao ni mchana kutwa na Bosi nimemruhusu awafokee kwa dirishani, ni haki yake. Kamera ifunge usawa wa goti, isitazame jua linapochomoza, na ufyeke nyasi mbele yake, mimi wiki ya kwanza nilipata video mia nne za jani linatikisika.

Na usije ukapiga 999, namba ya dharura ya hapa, mwezi wa kwanza ukisikia mwanamke anapiga yowe nje saa nane usiku. Mimi nilishashika simu. Ni jike anaita dume, msimu wao wa kupandana huo.

Sasa hivi tuko mwezi wa pili, jike wangu tumbo limeanza kushuka, anapita kila siku saa nne kasoro kwenye ukuta wa nyuma, Babu anaweka kidevu dirishani anamsindikiza kwa macho tu. Bosi nampakata, nasikia anavyotetemeka mwili mzima kama injini ya bodaboda. Ngoja niishie hapa, ameshaanza kulia mlangoni na huyo mama bado hajapita.