Kiwanda kikipunguza wafanyakazi kwa ushindani wa bidhaa za nje, anza na barua yako

Nilifanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda cha nguo hapa Mwanza, na tulipopunguzwa nilikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, hivyo barua na hati za mshahara za wenzangu wengi zilipita mikononi mwangu. Kanda hii ndiyo inayolima pamba kwa wingi kuliko zote nchini, lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi husafirishwa nje ikiwa ghafi, kisha vitenge kutoka ng'ambo huja kuuzwa madukani kwa bei ambayo kiwanda chetu hakikuweza kuifikia. Kuhusu mitumba, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuiondoa sokoni hatua kwa hatua, na mpango huo ukadhoofika Marekani ilipotishia kuziondolea nafuu ya soko lake chini ya AGOA, sheria yake inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru.

Marekani hiyo hiyo ilianzisha mwaka 1962 mpango wa kuwasaidia wafanyakazi wanaopoteza ajira kwa sababu ya bidhaa kutoka nje. Hata wafanyakazi watatu tu waliweza kuwasilisha ombi, na likikubaliwa walipata mafunzo na posho ya kujikimu, ingawa tangu Julai 2022 maombi mapya hayaidhinishwi. Sheria yetu ya Tanzania haiulizi kama kiwanda kimeshindwa na vitenge vya nje au na deni la benki. Naamini inapaswa kuuliza, lakini aliyepoteza kazi leo hawezi kusubiri sheria mpya, na haki alizonazo zimetawanyika katika ofisi tofauti, kila moja ikiwa na muda wake.

Kwa hiyo soma barua yako kabla ya kutia saini. Iseme wazi kwamba umepunguzwa kazi kutokana na mahitaji ya uendeshaji wa kiwanda. Wapo waajiri wanaowashawishi watu waandike kwamba wameacha kazi kwa hiari, wakiwaahidi kwamba malipo yatatoka haraka, na mfanyakazi aliyebanwa na kodi ya nyumba hukubali. Fao la kukosa ajira la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, halitolewi kwa aliyeacha kazi mwenyewe. Aliyeachishwa, akiwa amechangia kwa miezi isiyopungua 18, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6, na kwa familia ya Igoma au Buhongwa hapa Mwanza fedha hiyo ndiyo inayowabakiza watoto shuleni.

Pamoja na barua, kagua michango yako ya NSSF. Mama mmoja wa kitengo cha ufumaji alikuwa ametunza hati zake zote za mshahara ndani ya mfuko wa unga, zimefungwa kwa uzi wa kiwandani. Tulipozilinganisha na taarifa yake ya michango, tuliona miezi ambayo fedha ilikatwa kwenye mshahara lakini haikuwasilishwa. Bila karatasi zile, miezi hiyo ingepotea. Omba taarifa yako ukiwa bado kazini, wakati mhasibu bado yupo ofisini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Kiinua mgongo si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10, kwa hiyo aliyesimama kwenye mashine miaka 25 hana uhakika wa zaidi ya siku 70, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma kwa watu waliomaliza ujana wao humo. Dai pia cheti cha utumishi, na nauli ya kurudi kwenu kama uliajiriwa kutoka mbali.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, fika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakiahidiwa kwa simu kwamba mkurugenzi anakuja wiki ijayo. Fungua shauri huku mkiendelea kuzungumza, kwa kuwa mkipatana mnaweza kulimaliza wakati wowote.

Mafunzo ya ufundi stadi ya VETA na mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni milango ya kweli, lakini fundi wa kiume aliyevuka umri wa ujana na asiye na ulemavu haguswi na mikopo hiyo.

Kwa viongozi wa matawi, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana nanyi kabla ya kupunguza watu. Katika kikao hicho ombeni orodha ya wanaopunguzwa na vigezo vilivyotumika, ombeni mafunzo yagharamiwe na kiwanda, na makubaliano yaandikwe kwamba nafasi zikirudi wa kwanza kuitwa ni waliopunguzwa.