Kabla bendi yenu haijavuka mpaka wa Katuna

Bendi ndogo ya Kampala ikialikwa kupiga Kigali kwa mara ya kwanza, nguvu zote huishia kwenye mazoezi. Nyimbo zinapangwa na kupangwa upya, mashati yanashonwa. Mimi napiga besi na ndiye mbeba faili wa bendi yetu, na ushauri wangu ni huu: punguzeni mazoezi, mkae na makaratasi. Nyimbo mnazijua tayari. Ofisa wa forodha hazijui, na wala hazimhusu.

Anzeni na watu. Bendi nyingi za mjini hapa ni mchanganyiko: Mganda kwenye drams, Mkenya kwenye kinanda, Mkongomani kwenye gitaa la solo, na Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kugombana na kupatana. Mpakani kila mmoja ana karatasi zake. Mganda na Mkenya wanaweza kusafiri kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014 kati ya Uganda, Kenya na Rwanda. Mkongomani aje na pasipoti. Kama anaishi hapa kama mkimbizi, hati yake ya kusafiria iombwe mapema sana, maana haitoki kwa siku moja. Msimwambie promota "tunakuja" kabla hamjaziona hati za wote kwa macho. Mwanamuziki akisema "ninayo nyumbani", mwambieni aende akailete.

Kadi za njano ni mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya kila msafiri. Nyingine ni ya bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ya gari mtakalopanda. Mwenye gari akikuambia bima yake ya Uganda inatosha, tafuteni gari jingine.

Halafu vyombo. Andikeni orodha ya kila kitu: aina, rangi, namba iliyogongwa nyuma ya kifaa, thamani yake. Sisi huandika mpaka stendi za maiki na nyaya. Chapisheni nakala kadhaa, mzionyeshe forodhani upande wa Uganda wakati wa kutoka na kuomba zigongwe muhuri. Wengi huhofia upande wa Rwanda tu, ilhali maswali magumu zaidi unaweza kuulizwa ukiwa unarudi kwako: kinanda hiki kimenunuliwa wapi, ushuru umelipwa lini? Karatasi yenye muhuri hujibu yote hayo.

Safari yenyewe ni kama kilomita 500 kupitia Masaka, Mbarara na Kabale. Gari likiwa zito na milima ya Kabale inawatia wasiwasi, kuna njia ya Ntungamo hadi Mirama Hills, mnaingia Rwanda kwa Kagitumba. Ukivuka, gari linahamia upande wa kulia wa barabara, na dereva wetu usukani wake uko kulia vilevile. Akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja. Mpeni msaidizi kiti cha mbele kushoto, mtu asiyelala. Kwetu ni mpiga drams: "Tulia... tulia... sasa." Mwimbaji msimweke hapo, atasimulia hadithi.

Saa nayo inabadilika. Kigali iko nyuma ya Kampala kwa saa moja, kwa hiyo promota akisema mjaribu vyombo saa kumi jioni, kwetu ni saa kumi na moja. Kwenye mkataba iandikwe "saa za Kigali". Na mazoea yetu ya Kampala, ya bendi kupanda jukwaani watu wakishachoka kusubiri, yaacheni Katuna. Tangu Septemba 2023 Rwanda kumbi za starehe zimewekewa saa ya kufunga, saa saba usiku siku za kawaida na saa nane mwishoni mwa wiki. Mkichelewa, muda unaoliwa ni wenu.

Umeme ni jambo dogo linaloweza kuua shoo. Plagi zetu ni za miguu mitatu bapa, soketi za kule ni za matundu ya duara. Msinunue adapta kumi. Bebeni ekstensheni mbili nzuri za Kampala na adapta mbili imara, vyombo vyote vichomekwe humo. Na kama mna ngoma za ngozi, bebeni mashine ya kukaushia nywele. Unyevu wa milimani hulegeza ngozi, na hakuna hoteli itakayowaruhusu kuwasha moto uani. Nusu saa kabla ya kupanda, mpigaji wetu huipitisha taratibu, akianzia ukingoni kuelekea katikati, huku akigonga kwa kidole kimoja na kusikiliza. Wahudumu humtazama kama kichaa. Mwacheni.

Spika na drams kubwa msibebe. Bendi ndogo haiendi kujaza ukumbi wa BK Arena wenye nafasi ya watu 10,000, inaenda kupiga hotelini au harusini, na vitu hivyo hupatikana hapohapo. Ila promota aviandike kimoja kimoja. "Sauti ipo" inaweza kumaanisha spika mbili na maiki moja ya mshehereshaji.

Mwisho pesa. Nusu iingie kabla hamjalipia gari. Asiyeweza kutuma nusu mapema sioni ataipata wapi usiku wa shoo. Ulizeni pia kama kiasi mlichokubaliana ni kabla au baada ya kodi, kwa sababu Rwanda msanii mgeni hukatwa asilimia 15 kwenye malipo yake. Bendi ya watu watano ikigundua hilo saa nane usiku, hiyo asilimia 15 ndiyo mafuta ya kurudia. Salio lichukuliwe kabla ya kukunja nyaya, pamoja na karatasi ya kodi iliyokatwa, maana ukishafika Kampala promota huyo hashiki simu.